Maji yanayochepushwa na maji yasiyorudi mtoni

Modeli ya bonde la mto ni hesabu ya mapato na matumizi ya maji inayofuata mtandao wa mito yenyewe, kuanzia vijito vya juu hadi mto unapomwaga maji yake. Katika hesabu hiyo yamo mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni maji yanayochepushwa, yaani yanayotolewa mtoni kwa banio, mfereji au pampu. La pili ni maji yanayopotea bondeni, yaani yale yasiyorudi mtoni tena kwa kuwa yamegeuka mvuke, yamebaki ndani ya mazao au yamepelekwa bonde jingine.

Tuchukue mfano wa kubuni wa skimu ya mpunga kando ya kijito kinachoingia Mto Malagarasi, ambao humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, wakati wa kiangazi ambapo mvua haipo. Banio linatoa lita 100 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 8,640 kwa siku, na majaruba yana ukubwa wa hekta 60. Mpunga pamoja na maji yaliyotuama vikipoteza hewani milimita 5 kwa siku, basi, kwa kuwa milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kinachopotea ni mita za ujazo 3,000. Zile 5,640 zinazosalia hutoka kwa mfereji wa kutolea maji zikarudi mtoni, au hunywea ardhini na kujitokeza upande wa chini wiki au hata miezi kadhaa baadaye. Hata hivyo, mwenye ng'ombe anayenywesha kati ya banio na mahali maji yanaporudia hafarijiki kwa hesabu hiyo, maana kipande hicho cha mto kimepungukiwa na mita zote 8,640. Ndiyo sababu modeli nzuri huandika tarakimu zote mbili, tena kila moja mahali pake.

Uwiano kati ya tarakimu hizo hutegemea aina ya matumizi. Mtambo wa umeme, kama ule uliobuniwa kuzalisha megawati 49.5 katika maporomoko ya Igamba mkoani Kigoma, huchepusha maji mengi na kuyarudisha karibu yote. Mji wa Tabora una habari ya kuvutia zaidi: maji ya Ziwa Victoria yanayofika huko kwa bomba ni hasara kamili kwa bonde la Nile, lakini yale yanayonywea ardhini baada ya kutumika yanaingia katika bonde la Ziwa Tanganyika kama mapato mapya, ambayo ukiyasahau, hesabu ya Mto Igombe, ulio karibu na mji huo, haitakaa sawa. Nayo ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, hupoteza maji mengi kwa mvuke bila mtu yeyote kufungua mfereji, na hupunguza kasi ya mafuriko.

Mwandaaji wa modeli huanza kwa kukadiria mtiririko wa asili, yaani kiasi ambacho kingepita mtoni kama hakuna aliyetumia maji. Huchukua vipimo vya kituo cha mtoni, kisha huvijumlisha na kilichopotea upande wa juu wa kituo hicho. Hapa ndipo makosa hutokea mara nyingi, kwani anayejumlisha maji yote yaliyochepushwa atakuwa amehesabu mara mbili yale yaliyokwisha kurudi na kupimwa kituoni, na mto wake wa kwenye karatasi utakuwa mkubwa kuliko mto halisi. Baada ya hapo huweka watumiaji mmoja mmoja, kila mmoja na kipaumbele chake, akaendesha hesabu mwezi kwa mwezi na kulinganisha matokeo na vipimo. Ulinganisho wa wastani wa mwaka hautoshi. Mwezi wa Septemba, mto ukiwa umepungua kwa kiangazi, ndio unaofichua udhaifu.

Nchini Tanzania, vibali vya kutumia maji hutolewa na bodi za mabonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kibali hutaja kiasi cha kuchota. Kwa maoni yangu, kipimo hicho peke yake hakitoshi. Skimu yetu ikisakafia mfereji kwa saruji, itachota lita zilezile 100, lakini maji yaliyokuwa yakinywea njiani sasa yatafika shambani, na wakulima, kwa haki yao, watafungua majaruba mapya. Zikifika hekta 90, kinachopotea kitapanda hadi mita za ujazo 4,500 kwa siku ilhali kibali hakijabadilika hata nukta, na atakayeona pengo la mita 1,500 ni mtumiaji wa chini, ambaye miaka yote alikuwa akitegemea maji yaliyovuja kutoka kwenye mfereji ule wa udongo.