Je, wajua kwa nini sweta la sufu hurudi likifuliwa kwa maji moto?

Kipupwe kikiingia Newala, masweta ya mtumba hayakai sokoni. Mtu hununua la sufu halisi, zito, akalitia kwenye beseni la maji moto na sabuni ya mche, akalifikicha kama anavyofikicha shuka. Likikauka, labda litamtosha mtoto wa darasa la kwanza. Kanga iliyofuliwa kwenye maji yaleyale haina neno. Kwa nini?

Jibu limo katika unywele mmoja wa kondoo. Ukiutazama kwa hadubini utaona umefunikwa magamba madogo, yote yamelala kutoka shinani kwenda nchani. Mpapase samaki kama changu kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono unateleza. Rudi kinyume, magamba yanakukwaruza. Ndivyo ilivyo sufu. Maji moto huivimbisha na kuyainua magamba kidogo, sabuni huitelezesha, na kufikicha huisukuma. Kwa kuwa magamba yanapenda mwendo wa upande mmoja, kila unywele hutangulia kwa shina, hujipenyeza kati ya wenzake, na haurudi ulikotoka. Nywele hubanana hivyo bila gundi wala kushonwa, na sweta linarudi. Pamba haina magamba hayo. Sufi tunayojazia mito ndiyo kabisa: nyuzi zake zina nta na zinateleza, hata zikifanya mabonge ukiyavuta yanaachana.

Hasara hiyo ya mwenye sweta, Asia ya Kati ni ufundi. Zao lake ni felti, kitambaa kisichofumwa. Wafugaji wa Kirigizistani huichapa sufu kwa fimbo mpaka ichambuke, huitandaza juu ya mkeka wa matete, huimwagia maji moto, kisha huukunja mkeka mzima na kuufunga kamba. Bunda hilo huviringishwa, hukanyagwa na kuvutwa mpaka sufu ishikane, iwe shuka nene la kuzuia upepo. Kwetu mkeka ndio kazi yenyewe. Kwao ni chombo tu.

Felti hiyo hufunika yurta, mahema yao ya duara. Uzuri wenyewe, kwa macho yangu, uko kwenye zulia liitwalo shyrdak: felti mbili za rangi tofauti hulazwa pamoja na kukatwa nakshi moja, kisha kipande cha rangi hii kinapachikwa kwenye pengo la rangi ile na kushonwa. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na felti ni ya kale: huko Pazyryk, katika milima ya Altai kusini mwa Siberia, makaburi yaliyoganda barafu yalihifadhi mapazia ya felti kwa zaidi ya miaka 2,000.

Mtwara na Lindi hatuna ufundi huu, na si ajabu. Kondoo wa huku wengi wana nywele fupi, si sufu ya kukatwa. Halafu, kwa joto la Lindi, nani alale ndani ya hema la sufu?

Kabla ya kufua sweta lako, chomoa uzi kwenye pindo uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu: tumia maji baridi, likamue bila kulisokota, lianike limelala. Ukiyeyuka na kuganda kitone kigumu, ni akriliki, uzi wa plastiki unaoigiza sufu; huo hauna magamba.