Vijana Sio Hatari ya Kutulizwa: Anza na Haki Zao Ndo Muongelee Amani

Kuna sentensi nakutana nayo kwenye maandiko ya miradi mpaka nimeizoea, "kuwashirikisha vijana ili wasijiingize kwenye vurugu", na kila nikiisoma nawaza tu kijana mwenyewe akiiona atajisikiaje, manake hata salamu hujampa ushamwambia we ni tatizo. Kazi yangu ni uwezeshaji, naendesha mafunzo ya amani na haki za binadamu kwa makundi ya vijana, na kiukweli miradi mingi inafia hapohapo kwenye hiyo sentensi kabla hata ukumbi haujakodiwa.

Hii hofu haikuanza jana. Miaka mingi hesabu ilikuwa rahisi sana, nchi ikiwa na vijana wengi na ajira hakuna basi vita inakuja, na sera zikatungwa kwa hesabu hiyo. Utafiti ulioagizwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuongozwa na Graeme Simpson, uliotoka 2018, uliipinga waziwazi: vijana walio wengi, hata kwenye nchi zenye vita, hawashiki silaha wala hawapigi mtu, wanahangaika na maisha yao kama watu wengine. Ila serikali na mashirika yanawaangalia kwa jicho moja, wavulana wote ni wahalifu watarajiwa na wasichana wote ni wahanga wa kuhurumiwa, alafu tunashangaa kwa nini hawatuamini.

Utafiti wenyewe ulitokana na Azimio namba 2250, lililopitishwa kwa kauli moja tarehe 9 Desemba 2015 baada ya Jordan kulisukuma. Hilo ndo azimio la kwanza la Baraza la Usalama kuhusu vijana, amani na usalama, na lina nguzo tano: ushiriki, ulinzi, kuzuia migogoro, ubia, na kuwatoa vijana kwenye makundi yenye silaha na kuwarudisha kwenye jamii. Baadae yakaja mengine mawili, 2419 la mwaka 2018 na 2535 la 2020. Sasa ukilisoma 2250 vizuri utaona kwenye ushiriki lugha yake ni laini, linahimiza nchi zifikirie namna ya kuongeza uwakilishi wa vijana kwenye maamuzi, na kufikiria sio kufanya, ndo maana kijana akiniuliza "hilo azimio litanisaidia nini mimi" simdanganyi, namwambia ni karatasi nzuri ya kumwekea mtu mezani ukiwa unadai nafasi, ila lenyewe halikufungulii mlango.

Alafu kuna suala la umri ambalo watu wanalipita juujuu. Azimio linasema kijana ni miaka 18 mpaka 29, takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema 15 mpaka 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 mpaka 35. Inaonekana mambo ya makaratasi tu mpaka siku umeweka chumba kimoja mtoto wa miaka 16 na baba wa watoto wawili mwenye 34, nani ataongea hapo? Na huyo wa 16 kisheria bado ni mtoto, analindwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu na ya 15 inampa haki ya kujiunga na wenzake na kukusanyika kwa amani. Mi huwa nawagawa kwa umri saa za mwanzo, nawachanganya baadae wakishazoeana.

Turudi kwenye kuanza na haki. Wengi wanaanza na amani, somo la kwanza ni uvumilivu, la pili kusameheana, la tatu madhara ya vurugu. Vijana wanaitikia, wanapiga makofi, wanasaini mahudhurio, wanachukua nauli, wanaondoka. Mi naanza na vikaratasi. Kila mtu anaandika kitu kimoja kilichomkera mwezi huu, jambo lililomtokea yeye mwenyewe, bila jina, anakikunja anatupia kwenye boksi, tunachanganya alafu tunasoma kwa sauti. Yanayotoka sio "migogoro" ile ya kwenye andiko la mradi. Utasikia nimesimamishwa nikapekuliwa kwa sababu ya nywele zangu, bosi kanizungusha mshahara wa miezi miwili, nimeombwa hela ili nipewe cheti ambacho ni haki yangu, nikipita pale kijiweni wananishika na nikilalamika naambiwa nimejitakia.

Hapo ndo natoa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara zote 30, toleo la Kiswahili, na kila kikundi kinapewa vikaratasi kitafute vinakaa ibara gani. Mshahara uliozungushwa, ibara ya 23. Kukamatwa bila sababu, ya 9. Kudhalilishwa, ya 5. Wanabishana hasa, mmoja anasema hiki ni cha 12 kwa sababu ni faragha mwingine anakataa hiki ni cha 7 kwa sababu ni ubaguzi, na mimi nakaa pembeni siwaingilii, maana ubishi ule ndo somo lenyewe. Kuna ukimya fulani unakuja mtu akigundua kitu alichokuwa anakiona kama mkosi wake kimeandikwa ni haki yake tangu babu yake hajaoa. Baada ya hapo swali linalofuata wanauliza wenyewe bila kuchokozwa, kwamba nani alitakiwa kulizuia hili na kwa nini hakulizuia.

Na hapo ndo amani inaingia. Tunachora mti wa mgogoro, shina ni tatizo lenyewe, mizizi ni sababu, matawi ni matokeo. Tuseme vijana wa mitaa miwili wanapigana kila wiki kwa ajili ya uwanja wa mpira. Mara ya kwanza kwenye mizizi wataandika "wale jamaa ni wakorofi", wewe uliza tu kwa nini, wakijibu uliza tena, wataenda wenyewe mpaka wafike kwamba kulikuwa na viwanja viwili kimoja kikauzwa na hakuna aliyeitwa kwenye kikao. Kumbe wale wakorofi na wao wamenyang'anywa kitu hichohicho! Sasa nani adui hapo? Ukiwa umeanza na haki, wana njia ya kulidai hilo pamoja. Ukiwa umeanza na uvumilivu umewaambia wavumiliane kwenye kiwanja kimoja, na aliyeuza kile kingine amekaa zake kwake anakuombea dua mwezeshaji.

Ndo maana wakubwa wengine wanapenda sana miradi ya amani na hawataki kabisa kusikia ya haki. Ukiwaambia tunafundisha vijana amani utapewa ukumbi bure, ongeza neno haki uone simu zinavyoacha kupokelewa.

Kuhusu ushiriki wenyewe, kipimo ninachokitumia mpaka leo ni ngazi ya ushiriki ya Roger Hart, mtafiti wa mambo ya watoto, aliyoiandika kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992. Ina vidato nane, na vitatu vya chini anasema huo sio ushiriki kabisa: kutumiwa, kuwekwa kama pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Fulana zile mnazovaa siku ya kilele mnashikishwa bango ambalo hamjaliandika nyinyi, hicho ni kidato cha pili. Kijana mmoja kukaa meza kuu na kusoma hotuba aliyoandikiwa na ofisi, sijui tukiweke wapi lakini juu hakifiki. Na watu wanakosea wanadhani kidato cha juu kabisa ni vijana kufanya peke yao, Hart aliweka juu pale ambapo wao ndo wanaanzisha wazo na maamuzi wanayafanya pamoja na watu wazima. Swali langu kwa mradi wowote ni hili, kijana yupi alikuwepo siku bajeti inapangwa? Kama hakuna, mengine ni mapambo.

Na hela ni tatizo kweli, utafiti wa 2017 wa UNOY, mtandao wa dunia wa vijana wajenzi wa amani, na shirika la amani la Search for Common Ground uliona karibu nusu ya mashirika ya amani ya vijana waliyoyahoji yanaendeshwa kwa chini ya dola 5,000 kwa mwaka, na karibu watu wao wote ni wa kujitolea. Alafu mfadhili anataka ripoti ya kurasa arobaini na hesabu zilizokaguliwa.

La mwisho ni usalama, na hapa nakuwa mkali. Ukimfundisha kijana kudai haki umemweka kwenye hatari, hilo lazima ulikubali kabla hujaanza. Kuna Tamko la Umoja wa Mataifa la 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lina msaada wake, ila halitakuwepo saa sita usiku mlango ukigongwa. Kwa hiyo picha hazipigwi mpaka kila mtu amekubali, na anaruhusiwa kukataa bila kutoa sababu. Vile vikaratasi nachana mwenyewe mbele yao. Kundi la WhatsApp liwe na wanaohusika tu na meseji za kujifuta, na orodha ya majina haiendi kwa mfadhili, inaenda idadi, jinsia na umri. Mfadhili akikomaa anataka majina na namba za simu, mrudishie hilo sharti kwa maandishi kabla hujasaini mkataba, sio baada, kwa sababu baada ya kusaini na hela imeshaingia utatafuta sababu ya kuyatoa.