Treni za mvuke za reli nyembamba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ile njo ya kuchezea batoto, haiko treni." Maneno haya huyakosi Lubumbashi kila video ya treni ya mvuke ya Darjeeling, India, au ya Wales inapozunguka kwenye simu. Anayeyasema huenda amesimama mita chache tu kutoka kwenye reli nyembamba. Upana wa kawaida wa reli za Ulaya ni milimita 1,435, na chochote chini ya hapo huhesabiwa kuwa reli nyembamba. Reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, ina 1,067, sawa na ya Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Treni ya kwanza iliingia mjini kwetu mwaka 1910 juu ya reli hiyo, na shaba ya Katanga imepita hapo miaka nenda rudi.

Kwa upande wa nguvu, Kenya na Uganda zilikuwa na injini za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, tena kwenye reli ya upana wa mita moja tu. Na mwaka 1978 treni ya umeme ya Afrika Kusini ilifikia kilomita 245 kwa saa kwenye upana uleule wa kwetu. Sisi tusijaribu.

Wengine husema reli hizo zilijengwa nyembamba kwa ubahili. Hawajakosea sana: fedha ilikuwa sababu, ila mlima nao ulikuwa na neno lake. Reli nyembamba hukubali kona kali, kwa hiyo hufuata ubavu wa mlima badala ya kuutoboa. Reli ya Darjeeling, yenye milimita 610, ilifunguliwa mwaka 1881 na hupanda kutoka tambarare ya Bengal hadi Ghum, mita 2,258 juu ya usawa wa bahari, bila magurudumu ya meno. Mahali pengine inajizungusha na kupita juu yake yenyewe. Pengine treni inakwenda mbele, inarudi kinyumenyume, kisha inakwenda mbele tena, na kila mara imepanda ngazi moja.

Msidhani pia kwamba mandhari ndiyo iliyotafutwa. Reli ya Silverton, Colorado, Marekani, ilifika mwaka 1882 kwa ajili ya madini ya fedha (silver) ya migodini. Ya Ffestiniog, Wales, ilianza mwaka 1836 kubeba mawe ya kuezekea hadi bandarini: mabehewa yaliteremka yenyewe kwa mteremko, farasi nao wakiwa abiria ndani ya behewa lao, kisha wakayavuta matupu kurudi juu. Mtu wa Katanga haelezwi mara mbili. Mawe kwanza, abiria baadaye.

Dhana inayonichekesha kuliko zote ni ya moshi: eti ukiwa mweusi na mzito, injini ina nguvu. Aliyewahi kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, anajua jibu. Makaa yakikosa hewa, nyumba nzima inakohoa. Yakishika vizuri, moshi karibu hauonekani. Moshi mweusi wa injini ni makaa yasiyoungua, pesa inayotokea dohani. Mchochea moto anayejua kazi hajazi tanuri kwa pupa. Anatupa koleo moja hapa, moja pale, akiutazama moto kila mara. Wapo wanaofukiza moshi mweusi makusudi ili watalii wapate picha, lakini hayo ni maonyesho.

Lile wingu jeupe nalo si mvuke, ni matone ya mvuke uliokwisha kupoa. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Valvu ya usalama inapopumua, tazama mdomo wa bomba: kuna nafasi tupu kabla wingu halijaanza. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutupwa nje kupitia dohani, na ukitoka huvuta hewa ipite kwenye moto. Kwa hiyo injini ikivuta kwa shida zaidi, moto wake nao huchochewa zaidi. Ndiyo maana kwenye mlima husikika ikihema, mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu ikiwa ina silinda mbili.

Makaa hayaishi kwanza. Maji ndiyo huisha kwanza. Ule mnara wa maji kando ya njia haukuwekwa kwa ajili ya picha.

Na si kila kitu utakachopanda ni cha kale. Karakana ya Ffestiniog iliunda injini mpya kabisa, David Lloyd George, mwaka 1992.

La Trochita ya Argentina, yenye milimita 750, wengi hudhani bado inavuka Patagonia nzima. Njia yake ni kilomita 402, lakini safari maarufu ya watalii ni fupi: kutoka Esquel hadi Nahuel Pan, chini ya kilomita 20, ambako wenyeji Wamapuche huuza kazi za mikono. Injini zake huchoma mafuta. Majiko ya kuni ndani ya mabehewa ni ya kuwapasha joto abiria.

Mwisho, eti lazima uende mbali. Reli iliyoijenga Lubumbashi ilipita kwenye daraja la Victoria Falls, lililofunguliwa mwaka 1905, na mjini Livingstone, Zambia, injini za mvuke zimekuwa zikivuta treni ya watalii hadi darajani hapo, kwenye upana wetu uleule. Kabla ya kulipa, uliza kama siku hiyo inavuta injini ya mvuke au ya dizeli, maana boila likiwa kwenye matengenezo dizeli huchukua zamu. Nguo nyeupe iache nyumbani, na usitoe kichwa dirishani upande wa upepo: chembe za makaa zikiingia jichoni, utaikosa hiyo mandhari uliyoifuata.