Damu nzito, damu nyepesi

Mama mmoja wa Kibosho, aliyewekewa vali (mlango wa damu) ya chuma moyoni, alisoma majibu yake ya INR, kipimo cha kuganda kwa damu, pale dirisha la maabara yetu akaguna. "Mwanangu, safari iliyopita 1.4, leo 2.8. Damu inazidi kuwa nyepesi?"

"Hapana mama, leo ndiyo uko pazuri. Ile 1.4 ndiyo ilinitisha."

Nimezoea. Hapa Moshi watu wanadhani INR inapima uzito wa damu, na kwamba warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huiyeyusha. Tunachopima ni muda. Kichupa cha kifuniko cha bluu kina sitreti, inayoshika kalsiamu ili damu isigande njiani. Tukishaizungusha kwenye mashine, tunachukua plazma, yale maji ya damu yanayobaki juu, tunairudishia kalsiamu pamoja na thromboplastini, kitu kinachoanzisha kuganda, kisha tunahesabu sekunde hadi igande. Sekunde hizo hutegemea pia kitendanishi, yaani hiyo thromboplastini iliyotumika, ndiyo maana hugeuzwa kuwa INR, jibu la Moshi lisomeke vilevile Dar es Salaam.

Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mwenye damu iliyoganda mguuni tunamtaka kati ya 2 na 3. Vali ya chuma ya mitrali (ile ya upande wa kushoto wa moyo), kama ya mama huyu, 2.5 hadi 3.5. INR ikishuka, bonge la damu linaweza kujijenga kwenye vali, likang'oka na kwenda kwenye ubongo: kiharusi. Ikipanda mno, damu itatoka pasipotakiwa, hata tumboni au kichwani.

Kichupa lazima kijae hadi alama, damu sehemu tisa kwa sitreti moja. Kikipungua, jibu hupanda kwa uongo. Kwa hiyo tukikuchoma tena usidhani tunakuibia damu.

Halafu mboga. Warfarini hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu, na vitamini hiyo imejaa kwenye mnafu na mchicha. Wengine wakisikia hivyo huacha mboga kabisa, INR inaruka. Kula, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mimi naogopa zaidi flajili inayonunuliwa duka la dawa kwa sababu tumbo limevuruga: hiyo hupandisha INR kweli kweli, na mgonjwa hasemi kama ameimeza mpaka umuulize.

Mama nilimdodosa. Ile 1.4 ilikuwa wiki ya msiba. Alilala matangani siku nne, vidonge vimebaki nyumbani. Sasa anavitembeza kwenye pochi, vimefungwa pamoja na kadi ya kliniki.