Viazi vitamu vya nazi: rojo zito halitokani na sukari nyingi

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, wanafunzi wangu wa upishi huniuliza swali moja kuliko mengine yote, wala halihusu kaimati au sambusa. Wanauliza: "Mwalimu, mbona viazi vyangu vya nazi vinaelea kwenye maji, na vya bibi rojo lilikuwa limevishika?" Majibu wanayopewa mitaani ni mawili: ongeza sukari, au korogea kijiko cha unga wa mahindi. Yote mawili siyakubali. Sukari ikizidi unabaki na peremende, ladha ya nazi huisikii tena. Unga nao unalifanya rojo liwe zito, lakini linakosa mng'ao, linakuwa kama uji.

Rojo linalong'aa na kushika kiazi ni mafuta ya nazi na sukari kidogo ndani ya maji machache sana. Nazi unayo, sukari unayo. Kinachobaki ni kuyapunguza maji kwa wakati wake, kiazi kikiwa kimeiva bila kuvurugika na tui likiwa halijakatika.

Kwa watu watano au sita natumia kilo moja ya viazi, nazi mbili za wastani, vijiko vinne vya chakula vya sukari, punje sita za iliki na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usiiache chumvi, maana bila chumvi utamu wote unakuwa bapa.

Kwanza kiazi chenyewe. Viazi vyenye nyama nyeupe au ya manjano, kama vile vinavyopangwa kwenye ndoo kando ya barabara pale Gairo, vina unga mwingi na vinastahimili moto. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina maji zaidi na hulainika haraka, kwa hiyo vikate vipande vikubwa na uvitazame kwa karibu. Hivi vya chungwa navipenda sana kwa chakula hiki kwa sababu moja: rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Tui ndilo mafuta yenyewe. Utafiti na usambazaji wa viazi hivi Afrika ndio uliowapa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis, kwa kazi yake ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao. Aina yoyote utakayochagua, nunua viazi vilivyokaa siku kadhaa baada ya kuchimbwa, maana kiazi kikikaa kinazidi utamu.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaipita mbio. Ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachovunja wanga na kuufanya sukari iitwayo maltosi. Kinafanya kazi kwa bidii kiazi kikiwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi. Likipanda sana, kimeng'enya chenyewe kinaharibika na kazi inasimama. Ukivitupa viazi kwenye maji yanayochemka, joto hilo linapitwa haraka na sukari nyingi iliyokuwa ipatikane bure unaikosa. Ndiyo maana kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto kina utamu ambao cha kuchemshwa hakina: kimeiva polepole.

Kwa hiyo anza na kimiminika baridi na moto mdogo kabisa. Kwa dakika ishirini za mwanzo sufuria ifunikwe, isichemke. Kama huna kipimajoto, angalia: mvuke unatoka, vipovu vidogo vimeshika kando ya sufuria, lakini katikati pametulia. Joto hilo la chini lina faida ya pili. Linakaza kuta za chembechembe za kiazi, hivyo baadaye ukiongeza moto kipande kinaiva na kingo zake zinabaki. Hapo ndipo unapookoa sukari ya mfukoni. Vijiko vinne vinatosha pale ambapo wengine wanatia kikombe kizima.

Tui nalo. Kukuna na kukamua ni kazi, lakini nakuomba uifanye walau kwa chakula hiki. Zikune nazi kwa mbuzi, kisha tia maji ya uvuguvugu, si ya bombani moja kwa moja. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na maji baridi huyaacha yakiwa yamenasa kwenye chicha. Kikombe kimoja tu cha maji kwa nazi zote mbili, kamua kwa nguvu kwenye kifumbu au kitambaa safi, na hilo ndilo tui la kwanza, tui zito. Liweke pembeni, lisiguse moto sasa. Rudisha chicha, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena upate tui la pili. Hili jepesi ndilo la kupikia.

Panga viazi kwenye sufuria pana, safu moja, vipande vya ukubwa wa yai. Upana una maana kubwa. Sufuria nyembamba yenye viazi vilivyorundikana haitoi mvuke wa kutosha, na kabla maji hayajapungua viazi vya chini vimekuwa bokoboko. Mimina tui la pili lifike nusu ya kimo cha viazi, lisivifunike, na tia chumvi. Baada ya zile dakika ishirini, ongeza moto, likoroge tui polepole pembeni mpaka litokote, kisha acha viazi viive kwa dakika kumi hivi, sufuria ikiwa imefunikwa nusu.

Chomeka ncha ya kisu. Ikiingia lakini ikakutana na ukaidi kidogo katikati, sasa tia sukari na iliki uliyoitwanga papo hapo. Kwa nini si mwanzoni? Kwa sababu sukari inachelewesha kulainika. Ikitangulia, kiazi kinabaki kigumu ndani huku nje maji yanakauka. Ikija sasa, ukaidi ule mdogo unamalizika taratibu na kipande kinasimama. Ukitumia sukari guru badala ya nyeupe, rojo litakuwa la kahawia na lenye harufu nzito. Kwa viazi vyeupe naona ni bora zaidi.

Ondoa mfuniko kabisa. Kuanzia hapa usitoke jikoni. Usikoroge kwa mwiko, utavunja viazi. Shika sufuria kwa kitambaa pande mbili, itikise, na teka rojo kwa upawa uvimwagie viazi vya juu. Tazama mapovu. Mwanzoni ni madogo, mengi, yanapanda kama ya sabuni. Maji yanapopungua yanakuwa makubwa, machache, yanapasuka kwa uvivu, na sauti inashuka kutoka mchemko mkali hadi mguno. Likibaki kama kikombe kimoja chini ya sufuria, punguza moto na umimine tui zito.

Hapa ndipo tui hukatika. Tui ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi, na protini hizo huganda zikipata moto mkali. Ukilichemsha kwa fujo au ukalifunika, unapata chembe nyeupe zinazoelea juu ya mafuta. Kwa hiyo moto mdogo, mfuniko pembeni, tikisa sufuria mara kwa mara. Wanga uliotoka kwenye viazi unakusaidia kulishikilia, na hiyo ni sababu nyingine ya kutohitaji unga. Tui likianza kuonyesha dalili ya kukatika, epua mara moja, tia vijiko viwili vya maji ya moto, tikisa. Mara nyingi linarudi.

Baada ya dakika saba hadi kumi, sogeza kiazi kimoja kando na pitisha mwiko chini ya sufuria. Ukiona chuma kwa kufumba na kufumbua kabla rojo halijarudi kufunika, epua. Usingoje liwe zito kama unavyolitaka sahani ikifika mezani, kwa sababu linaendelea kukaza linapopoa. Wanaotumia tui la kopo wajue kwamba mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, hivyo ni vigumu kulikata. Tumia nusu ya kopo mwishoni, na nusu nyingine iliyochanganywa na maji iwe badala ya tui la pili.

Boga linapikwa kwa njia hiyo hiyo, ila lina maji yake mengi. Liache na ganda, tia tui la pili robo tu ya kimo, na zile dakika ishirini za moto mdogo ziruke. Ndizi mzuzu au mkono wa tembo zikiwa zimeiva hadi ganda lina madoa meusi zina sukari tayari. Punguza ya kutia iwe kijiko kimoja au uache kabisa. Karoti za Lushoto nazipika kwa siagi, na kanuni ni ile ile ambayo Wafaransa wanaitumia: maji yafike nusu ya karoti, kijiko cha siagi, kijiko cha chai cha sukari, chumvi, moto wa wastani mpaka maji yaishe na kilichobaki kizizungushe. Muda wa kuiva na muda wa maji kuisha vikutane, hapo tu ndipo palipo na shida, na sufuria pana inaimaliza.

Viazi hivi vinaliwa vikiwa na uvuguvugu, kando ya samaki wa kukaanga au nyama iliyotiwa limao na pilipili. Mahali penye baridi kama Arusha au Mbeya rojo litaganda na kupauka sahanini, kwa sababu ni mafuta yale yale yasiyopenda kushuka chini ya nyuzi 24. Pasha sahani kwanza kwa maji ya moto. Vikibaki vya daku, virudishe kwenye sufuria pamoja na vijiko vitatu vya maji, moto mdogo, bila mfuniko, uvitikise mpaka ving'ae tena.