Tabia ya wiski: Ireland na Uskoti zinaachana wapi

Mnywaji anaposema wiski fulani ina tabia yake, hazungumzii ukali. Ukali ni asilimia ya pombe, na hapo Ireland na Uskoti hazigombani: sheria za pande zote mbili zinataka isipungue 40, na wiski ilale kwenye pipa la mbao miaka 3 au zaidi hukohuko ilikotengenezwa. Tabia ni harufu, ladha, uzito wa kinywaji juu ya ulimi, na kile kinachobaki kooni ukishameza.

Jibu la kaunta unalijua: ya Ireland imekenekwa (imechemshwa, mvuke wake ukapoozwa uwe pombe kali) mara tatu, ndiyo maana ni laini, ya Uskoti mara mbili, ndiyo maana ina moshi. Lina ukweli kidogo, ila linapotosha zaidi. Moshi hautokani na kukeneka hata chembe. Auchentoshan, jirani na Glasgow, hukeneka mara tatu na ni ya Uskoti. Connemara ni ya Ireland, imekenekwa mara mbili, na inanukia moshi waziwazi.

Moshi unaingia mapema, kwenye nafaka. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kidogo, kisha hukaushwa ili isiendelee kuota. Hicho ndicho kimea, na wapika pombe wa huku kwetu wanakijua vizuri, tofauti ni kwamba wao huanika juani. Uskoti jua si la kutegemea. Kisiwani Islay, ambako kuni ni za shida lakini vinamasi vimejaa, watu walichoma piti: ule udongo mweusi wa mimea iliyooza nusunusu, unaokatwa matofali na kukaushwa. (Burundi na Rwanda nako huchimbwa, na Rwanda wanazalishia umeme.) Moshi wake hushika punje zikiwa bado na unyevu, zikishakauka, umechelewa.

Kinachonukia humo ni kemikali ziitwazo fenoli. Kimea cha Laphroaig, wiski ya Islay, huwa nazo kama sehemu 40 kwa milioni, cha jirani yake Ardbeg zaidi ya 50. Mashabiki hupenda kushindana kwa tarakimu hizi, lakini zinapima kimea, si kilichomo kwenye chupa. Sehemu kubwa hupotea njiani, na wiski mbili zenye namba moja zinaweza kukufikia zikiwa tofauti kabisa. Tena usidhani Uskoti nzima inafuka moshi. Eneo la Speyside, wanakotoka Glenfiddich na Glenlivet, tabia yake kuu ni matunda: peasi, tufaha, asali.

Kwa Ireland, mimi naona siri iko kwenye shayiri mbichi kuliko kwenye hesabu ya kukeneka. Kimea kilipotozwa kodi katika karne ya 18, wakenekaji wa Ireland walikuwa na sababu nzuri ya kuchanganya kimea na shayiri isiyochipuzwa, ambayo haikutozwa. Kodi ilishakufa, mchanganyiko ukabaki. Leo chupa iliyoandikwa Single Pot Still lazima iwe na angalau asilimia 30 ya kimea na angalau asilimia 30 ya shayiri mbichi, ikenekwe kwenye vyungu, yaani mitungi mikubwa ya kukenekea, ambayo kwa kawaida ni ya shaba. Redbreast, Green Spot na Powers za aina hii zote hutoka Midleton, wilaya ya Cork.

Shayiri mbichi huleta utelezi, kama mafuta mepesi yanayopaka ulimi, na ukali wa viungo unaokaribia pilipili manga na karafuu. Kukeneka mara tatu hufanya kazi ya upande wa pili: pombe hupanda hadi asilimia 80 na ushee, badala ya 70 hivi ya mara mbili, na vitu vizito vingi huachwa nyuma. Kwa hiyo ulaini wa Ireland si wepesi mtupu. Redbreast ya miaka 12 ni laini na nzito kwa wakati mmoja, na anayetarajia kinywaji cha kitoto hushangaa.

Pipa usiligawe kwa nchi. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko, iwekwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kwa hiyo yaliyotumika huuzwa kwingine, na wanunuzi wakubwa ni haohao wa Ireland na Uskoti. Ukisikia vanila na tofi, ni pipa hilo linaongea. Ukisikia zabibu kavu na njugu, mara nyingi ni pipa lililowahi kukaa sheri, ule mvinyo mkali wa Uhispania.

Kulinganisha kwenyewe hakuhitaji mbwembwe. Glasi iliyobana mdomoni, wiski kidogo, bila barafu wala soda. Ukitia soda unaonja soda. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo pombe itakuchoma pua na hutasikia kingine. Shika funda mdomoni kidogo kabla ya kumeza. Kisha dondoshea maji matone machache, unuse tena: harufu zilizokuwa zimefunikwa na pombe hufunguka. Anza na Glenfiddich, ufuate Redbreast, Laphroaig iwe ya mwisho, maana harufu yake ya moshi, mwani na dawa ya vidonda ikishakaa mdomoni haipishi mwingine.

Zimebaki zile zinazojaza kaunta za Nairobi na Dar es Salaam, Jameson na Johnnie Walker. Hizo ni mchanganyiko: wiski ya vyungu imeongezewa wiski nyepesi ya nafaka kutoka mtambo wa minara, unaokeneka mfululizo badala ya chungu kimoja kimoja. Mtambo huo uliboreshwa na Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa afisa wa ushuru Ireland, akapata hataza mwaka 1830. Wakubwa wa Dublin waliudharau, Waskoti wakauchukua na kujengea biashara ya dunia nzima. Kwa hiyo ukiweka Jameson mbele ya Laphroaig unalinganisha mchanganyiko na kimea kitupu, na tofauti utakayoonja si ya nchi peke yake. Jameson ipambanishe na Johnnie Walker Black Label: utasikia utelezi na viungo huku, na uzi mwembamba wa moshi kule.