Kabla ya Kukata Tiketi, Tazama Kalenda Mbili

Ubalozi kwa kawaida hufuata sikukuu za nchi mbili: za nchi yake na za nchi ulipo. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam hupumzika Julai 4, siku ya uhuru wao, kisha Saba Saba yetu inafuata ndani ya siku tatu. Novemba kalenda yetu haina sikukuu ya kitaifa, lakini wao wana Novemba 11 ya kuwaenzi wanajeshi wa zamani, na Alhamisi ya nne ya kushukuru. Mwombaji wa viza anayeitazama kalenda ya ukutani kwake peke yake anafika getini na kuambiwa arudi siku nyingine.

Sisi tunaohudumu kwenye dawati la konsula tunajua kwamba kinachowakwamisha wengi ni zile siku zinazotangulia na kufuata sikukuu. Kila mtu huwahi kabla ofisi haijafungwa, na waliochelewa hurundikana ikifunguliwa. Miadi ya karibu hujaa, na pasipoti iliyokwisha pokelewa husubiri zamu yake.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kwa maonesho ya biashara ya Canton wanapaswa kulizingatia hili kuliko wote. Awamu ya pili ya mwaka hufunguliwa Oktoba 15. China nayo huanza mapumziko ya siku yake ya taifa Oktoba 1, na mapumziko hayo huchukua takriban wiki nzima. Wakati huo huo, mwenye kiwanda anayetakiwa kukutumia barua ya mwaliko naye yuko kijijini kwao na familia yake. Ukingoja Oktoba iingie ndipo uanze kufuatilia, huna siku za kazi za kutosha kabla maonesho hayajafunguliwa, na Oktoba 14 sisi wenyewe tunaadhimisha Siku ya Nyerere. Ushauri wangu ni kwamba barua ya mwaliko iwe mkononi kabla Agosti haijaisha, na pasipoti ipelekwe mwanzoni mwa Septemba. Kwa maonesho ya Aprili, ambayo huanza tarehe 15, kuna siku ya Wachina ya kuzuru makaburi, kwa kawaida Aprili 4 au 5, kisha Karume Day Aprili 7, na miaka mingine Pasaka huingia hapo hapo.

Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, tatizo lina sura nyingine. Oman na Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi na kurudi kazini Jumapili. Kwa hiyo siku ambazo ofisi za Muscat na za Dar es Salaam zote ziko wazi ni nne tu kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Mtu aliyeko Muscat anayehitaji cheti cha kuzaliwa kihakikiwe nyumbani, kisha kipite wizarani, ndipo kifike ubalozini, azihesabu siku hizo nne na si saba. Falme za Kiarabu zilibadili utaratibu mwaka 2022: sasa watumishi wa serikali hufanya kazi Ijumaa nusu siku na kupumzika Jumamosi na Jumapili. Na Idd, kwa kuwa hutegemea mwezi kuandama, huweza kuangukia siku tofauti huku na huko, na mapumziko ya Ghuba kwa kawaida ni marefu kuliko yetu. Usipange miadi kwenye wiki ya Idd ukitegemea tarehe iliyokadiriwa.

Wanaoomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, wana nafuu moja: sheria inaruhusu kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45 maombi yakihitaji uchunguzi zaidi. Hizo ni siku za kalenda, sikukuu zikiwemo, na hesabu huanza maombi yaliyokamilika yanapopokelewa, si siku uliyojaza fomu mtandaoni. Anayetaka kula Krismasi na mwanawe Ujerumani asingoje Desemba, aanze Septemba.

Basi anza na tarehe ya safari, urudi nyuma ukikata kila sikukuu ya nchi zote mbili, na tiketi isiyorudishiwa fedha iwe ya mwisho kununuliwa. Orodha ya siku za kufungwa aghalabu hubandikwa kwenye tovuti ya ubalozi mwanzoni mwa mwaka. Itazame tena wiki ya miadi yako, maana serikali huweza kutangaza mapumziko ya ghafla.

Dharura ni jambo jingine kabisa. Balozi nyingi huwa na ofisa wa zamu hata siku ya sikukuu, kwa ajili ya raia wao aliyefiwa, aliyekamatwa, aliyelazwa mahututi au aliyeibiwa pasipoti na safari ni kesho. Namba hiyo si ya kuulizia viza. Kila simu ya viza inamchelewesha mwenye maiti hospitalini. Wewe unayeishi nje, ihifadhi kwenye simu yako na uwape pia walioko nyumbani, pamoja na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti yako. Ofisa wa zamu atauliza kwanza jina kamili, namba ya pasipoti, na mahali mhusika alipo: jina la hospitali au la kituo cha polisi.